Sanduku la Mnong'onezi

Humu nilimo sizioni nyuso.
Naona viatu.
Miaka kumi na tisa chini ya jukwaa, Lisbon,
kichwa ndani ya gamba la mbao
kama konokono aliyefunzwa kusoma:
balbu moja, daftari moja, kikohozi nikimeze.
Namjua Adozinda kwa kisigino cha kushoto,
kinachoinama anapodanganya,
na Belarmino mchekeshaji kwa soksi
alizozitia viraka kwa uzi wa pazia.

Kazi yangu ni kusema kabla hawajasema,
kwa sauti isiyozidi pumzi,
kisha wao wapigiwe makofi.
Sinung'uniki. Nanong'ona.

Bibi yangu Eufrasia alikuja na kundi la Wahispania,
wale wa michezo ya saa moja,
nusu maneno, nusu nyimbo,
tiketi bei ya kikombe cha kahawa.
Walivuka mpaka na masanduku ya mashali;
mwenye kundi akatoroka na mishahara,
bibi akabaki kufua nguo za waimbaji wa watu,
akifua akiimba,
hadi Kireno chake kikashika lafudhi ya sabuni.

Mama naye alipanda meli ya Rio
na taji la karatasi mkobani.
Akarudi baada ya misimu mitatu
na tari, manyoya mekundu, mimi tumboni,
na mdundo ambao mpiga ngoma wetu
aliuita ulevi
kabla hajauiba.

Hivyo ndivyo mchezo wetu ulivyoshonwa:
kitambaa cha jirani, uzi wa ng'ambo,
vifungo vya hapa hapa.
Kila msimu tunauita mwaka mbele ya watu,
tunauvua koti, tunaupekua mifuko:
bei ya mkate, mke wa waziri,
bomba lililokauka Mouraria.

Ila kwanza kuna bwana wa safu ya tano.
Huja siku ya mazoezi ya mwisho na penseli ya buluu,
huichonga mwenyewe, taratibu,
vumbi lake akalipuliza kwenye zulia letu.
Mwaka huu alikata "mkate".
Alikata kikohozi cha Belarmino, ukurasa wa thelathini na moja,
kwa kuwa, alisema, kilikohoa kwa makusudi.
Na alikata "kiti".
Juu yake akaandika, kwa mwandiko mzuri kweli, "birika".

Usiku wa kwanza watu wamejaa hadi ngazini.
Adozinda ni muuza samani. Anaimba:

*Nauza vitu nadhifu, nimevileta sokoni,
meza yenye utukufu, na makabati ya shani,
ila kimoja dhaifu, kimeoza miguuni,
kukikalia ni hofu, kwa jina chaitwa…*

Akanyamaza.
Mizani miwili imebaki.
Fidla imeng'ang'ania noti moja, inatetemeka.
Natazama kisigino chake: kimesimama wima.
Ananingoja mimi.
Birika liko mbele yangu, buluu, mdomo wazi.
Sijawahi kumwacha mtu jukwaani bila neno,
hata yule mlevi wa mwaka wa mafuriko,
hata aliyeniibia mume.

Nikafumba mdomo.

Kwanza kikawa kimya cha kanisa.
Kisha mwanamke mmoja, juu kabisa, kwenye viti vya bei ya chini,
akacheka kwa pua,
na kicheko kikashuka ngazi kwa ngazi
kama gunia la viazi lililopasuka.
Vumbi la mbao likaniangukia nyweleni.
Katikati ya kelele, safu ya tano,
bwana aliinuka,
na alichokuwa amekikalia
kikajifunga nyuma yake: pa!
Ukumbi mzima ukakisikia kikijitaja.

Asubuhi walilichukua daftari langu.
Hakuna neno lililozidi. Birika lipo, mwandiko ni wake.
"Ulimnong'oneza nini?"
"Sikusema kitu," nikajibu.

Akanitazama midomo kwa muda mrefu,
akiipima ile irabu ya mwisho.